Wafalme wa Bandia: Somo Kutoka Uingereza ya Karne ya 15

Leo kwenye historia tunaangalia jambo lililosumbua falme nyingi za zama za kati: mtu wa kawaida anazuka na kudai kuwa yeye ni mtoto wa mfalme. Tunachukua mfano wa Uingereza, maana hapo mfalme mmoja, Henry VII, alipambana na wawili.

Chanzo chake

Mfalme Edward IV alifariki Aprili 1483. Mwanawe mkubwa, Edward, alikuwa na miaka 12, na Richard miaka 9. Baba yao mdogo, ambaye naye aliitwa Richard, akawaweka kwenye Mnara wa London, kisha akatwaa ufalme yeye mwenyewe, akawa Richard III. Baada ya kiangazi kile watoto hawakuonekana tena. Hakuna maiti, hakuna mazishi. Mwaka 1485 Richard III akauawa vitani Bosworth, na Henry Tudor akawa Henry VII. Sasa hebu fikiria: mfalme mpya haki yake ya urithi ni hafifu, na warithi wa zamani hawajulikani waliko. Mlango uko wazi!

Kisa cha kwanza: Lambert Simnel

Huyu alikuwa mtoto wa miaka kama 10, mwana wa fundi wa Oxford. Padri mmoja akamfundisha adabu za ikulu, ikasemwa kuwa ni Edward, Earl wa Warwick, mtoto wa ndugu yake Edward IV. Kumbe Warwick halisi alikuwa hai, kafungwa Mnarani. Henry akamtoa na kumpitisha barabarani London ili watu wamwone. Haikusaidia. Mei 1487 Simnel alivikwa taji Dublin. Margaret wa Burgundy, dada yake Edward IV, alituma askari wa kukodiwa kama 2,000. Tarehe 16 Juni 1487 walishindwa huko Stoke, na maelfu wakafa. Mtoto mwenyewe alisamehewa, akapelekwa jikoni kwa mfalme kugeuza nyama juu ya moto.

Kisa cha pili: Perkin Warbeck

Jamaa huyu, mzaliwa wa Tournai, alifika Cork mwaka 1491 akimtumikia mfanyabiashara wa hariri. Akajitangaza kuwa ni Richard, yule mdogo aliyepotea. Ufaransa ilimpokea mwaka 1492, ikamtimua mara ilipofanya amani na Henry. Margaret akamkubali kuwa ni mtoto wa kaka yake. James IV wa Uskoti akamwoza Catherine Gordon, binti wa ukoo mkubwa. Septemba 1497 alishuka Cornwall, akakusanya maelfu ya watu, akashindwa kuuteka mji wa Exeter, kisha akawakimbia askari wake mwenyewe. Baadaye alikiri, na tarehe 23 Novemba 1499 akanyongwa.

Siku 5 baadaye Warwick naye alikatwa kichwa, kwa shtaka la kula njama na Warbeck. Alikuwa kifungoni tangu ana miaka 10. Kosa lake kubwa lilikuwa damu aliyozaliwa nayo.

Tunajifunza nini?

Wengi husema watu wa kale walikuwa wajinga. Sivyo. Kwanza, picha na pasipoti hazikuwepo. Mtu alithibitishwa na anayemjua, na hapa shahidi mkuu, shangazi, alikuwa na chuki yake na Henry. Pili, mfalme wa bandia ni silaha rahisi: Ufaransa ilimtumia Warbeck, ilipopata ilichotaka ikamtupa. Tatu, ukweli peke yake hautoshi. Warwick wa kweli alionyeshwa hadharani, na vita vikapiganwa vile vile, kwa sababu waliompigania Simnel walikuwa wanataka kumwondoa Henry, si kumtafuta Warwick.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, lakini wenye kumhitaji wanaweza kuirefusha, na gharama wakailipa wengine.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Henry alimsamehe Simnel lakini akamnyonga Warbeck?
2. Kama miili ya watoto wale ingeonyeshwa mwaka 1483, Warbeck angepata wafuasi?
3. Nani alaumiwe zaidi: anayedanganya, au anayejua ni uongo na bado anautumia?