Ufizi Unaouma Nyuma ya Gego la Mwisho

Huanza kidogo kidogo. Kijana wa miaka 19 au 20, mzima wa afya, anaanza kutafunia upande mmoja. Siku mbili tatu anasema ufizi unamuwasha huko nyuma, kisha unatulia na habari yake inasahaulika. Baada ya wiki kadhaa unarudi kwa nguvu: shavu limevimba, kinywa kina ladha mbaya, kumeza mate ni kazi. Nyumbani wanasema jino limeoza. Wakichungulia, hawaoni tundu hata moja.

Mara nyingi linalosumbua ni gego la mwisho, lile ambalo wengi huliita jino la akili. Kinywa cha mtu mzima kikikamilika huwa na meno 32, na manne kati ya hayo, moja kila pembe, huchomoza baina ya miaka 17 na 25. Wapo wanaochelewa zaidi, na wapo ambao hawakuumbwa nayo yote manne. Tabu ni kwamba yanakuja wakati taya limeshajaa. Gego la chini likikosa nafasi hulala upande, au hutoa ncha tu, na sehemu iliyobaki ikafunikwa na kipande cha ufizi. Chini ya kipande hicho hubaki nafasi kama mfuko: punje za wali zinaingia, nyuzi za pweza zinaingia, mswaki haufiki. Vijidudu huzaliana humo, ufizi unavimba, na gego la juu linaugonga kila mtu anapotafuna. Ndiyo maana maumivu hayakai palepale. Hupanda hadi sikioni na kushuka kooni.

Kuchungulia si kugumu. Mgonjwa akae akitazama mlangoni penye mwanga, mwingine anawe mikono kwa sabuni, awashe tochi ya simu, kisha alivute shavu pembeni kwa mpini wa kijiko safi. Nyuma kabisa ya magego ataona ufizi mwekundu uliotutumka, pengine na ncha nyeupe ya jino ikichungulia katikati. Ukibonyezwa polepole huenda ukatoa usaha.

Lakini si kila ufizi unaouma una gego nyuma yake, na hapa ndipo familia nyingi hupotea. Katika kijiji cha wavuvi kama Mkwiro, kisiwani Wasini, mwiba wa samaki uliochoma baina ya meno mawili unaweza kuvimbisha ufizi kwa siku kadhaa. Ufizi unaotoka damu kila mtu anapopiga mswaki kwa kawaida umeathiriwa na utando wa uchafu pale meno yanapokutana na ufizi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa Kenya mwaka 2015 ulikuta hali hiyo karibu kwa watu wazima wote. Mama mjamzito hutokwa damu kwa urahisi zaidi. Mwenye kisukari huchelewa kupona. Mtafunaji wa tambuu, popoo au tumbaku mwenye kidonda kisichopona kwa wiki mbili asikae nyumbani akingoja, kwa sababu popoo na tumbaku husababisha saratani ya kinywa.

Kwa gego lililofunikwa, msaada wa kwanza ni usafi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, mgonjwa asukutue mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya kula, kisha ateme. Kisiwa cha Wasini hakina mto, na Mkwiro, kama kijiji cha Wasini chenyewe, kwa miaka mingi imetegemea maji ya mvua. Basi ya kusukutulia yachemshwe kwanza. Maji ya bahari yasitumiwe. Mswaki wa nyuzi laini upelekwe hadi nyuma ya gego japo panauma, maana kupaacha kunazidisha ugonjwa. Wanaopenda mswaki wa mti waendelee nao. Unasafisha vizuri ukichongwa upya na ukifikishwa nyuma, siyo mbele tu panapoonekana.

Karafuu hutuliza kwa muda. Mafuta yake makali yakimwagwa ufizini huunguza, na aspirini iliyowekwa juu ya ufizi huacha kidonda cheupe kibaya kuliko maumivu yenyewe. Mtu mzima anaweza kumeza paracetamol, bila kuzidisha vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24. Kununua vidonge vinne vya antibiotiki kwenye duka la dawa, au kumalizia vilivyobaki vya jirani, ni kosa: dawa hizo huandikwa pale maambukizi yanapoenea au homa inapopanda, nazo hazilitoi jino lililokwama.

Je, ling'olewe? Daktari wa meno ataangalia kwa eksirei. Gego lisilosumbua huachwa. Uingereza iliweka mwongozo huo tangu mwaka 2000. Lililovimbisha ufizi mara kwa mara, au linaloharibu jino la jirani, kwa kawaida hung'olewa. Baada ya hapo mgonjwa hung'ata pamba safi kwa nusu saa, hasukutui wala havuti sigara kwa saa 24, na maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua anarudi kwa daktari.

Jambo linalowahusu Mkwiro kuliko watu wa mji wa Ukunda, ulio bara, ni bahari. Kutoka kijijini mgonjwa huvuka kwa mashua hadi Shimoni, akafuata barabara mpaka njia kuu ya Lunga Lunga, ndipo aelekee kaskazini hadi hospitali ya rufaa ya kaunti, Msambweni. Mchana bahari ikiwa shwari safari hiyo inawezekana. Usiku, kusi ikivuma, ni mtihani. Kwa hiyo mwenye gego linaloamka na kulala aende wakati limelala, angali anatafuna na kucheka, asingoje lirudi.

Na zipo dalili ambazo haziruhusu kungoja mapambazuko: kinywa kisichofunguka hata kwa vidole viwili, uvimbe chini ya kidevu au shingoni, homa kali, mate yanayochuruzika kwa kushindwa kumeza, sauti iliyobadilika, pumzi inayokwama. Huenda usaha umeshuka shingoni, nao unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Mgonjwa huyo asilazwe chali. Akalishwe wima, nahodha aamshwe, na simu ipigwe Shimoni gari liwe tayari gatini.