Umeinua Hilux? Uliza Kasta Kwanza

Mwenye Hilux Vigo aliyetoka kufunga springi na shokapu za kuinua gari inchi mbili huwa na furaha yake: tairi kubwa zimeingia bila kugusa madigadi. Furaha hiyo hukatikia kwenye lami. Kasi ikipanda, usukani unakuwa mwepesi mno, pua ya gari inatangatanga, na akimaliza kona usukani haurudi wenyewe. Akilalamika kwa fundi, anajibiwa kwamba alainimenti imeshapigwa. Imepigwa kweli, ila mara nyingi kilichoguswa ni tou tu, yaani ncha za mbele za magurudumu kuelekeana au kuachana.

Kwenye toleo hili, lililoingia sokoni mwaka 2004, kila gurudumu la mbele linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Bodi ikipanda, mikono huinamia chini na vipimo vyote vitatu huhama: tou, kemba ambayo ni mwegamo wa gurudumu kuingia ndani au kutoka nje, na kasta.

Kasta ndiyo inayosahaulika. Tazama foki ya baiskeli ilivyolalia nyuma. Ni sababu mojawapo inayomwezesha mtu kuachia mikono na bado akaenda mbele. Kwenye Hilux, mlalo huo unatokana na boli jointi ya juu kukaa nyuma kidogo ya ile ya chini, na kuinua gari huupunguza. Kwa kuwa kasta mbovu haili tairi upesi, hakuna anayeishtukia. Kemba hula bega moja la tairi. Tou mbaya huacha vijino vya msumeno ambavyo kiganja huvihisi kabla ya jicho kuviona.

Kuna namna rahisi ya kumjua fundi aliyepima kasta. Lazima magurudumu ya mbele yakae juu ya sahani zinazozunguka, kisha ageuze usukani kushoto na kulia huku mashine ikisoma. Asipougeuza, hajapima kasta, hata kama kioo cha kompyuta kimejaa rangi ya kijani.

Kabla ya hapo gari liwe na upepo sawa kwenye tairi na mzigo wake wa kila siku. Anayetembea na bampa ya chuma na winchi asizivue kwa ajili ya kipimo. Pandisha gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, badilisha boli jointi, tairodi au beringi kwanza; kupima gari lenye sehemu zilizolegea ni kutupa hela.

Marekebisho yenyewe yako kwenye bolti mbili za mkono wa chini, kila upande, zenye sahani ya duara isiyo na kitovu katikati. Hapo ndipo kazi hugeuka vita. Kwenye gari lililokaa pwani, bolti huota kutu ndani ya bushi na hazizunguki. Nyingine hukatwa kwa msumeno. Mimi ningezimwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na bushi mpya ziwe tayari mkononi.

Kasta na kemba hupangwa pamoja kwa bolti hizo, tou huja mwisho. Bolti zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, bushi zisije zikajipinda, kisha vipimo visomwe tena, maana kukaza nako husogeza.

Wakati mwingine bolti hufika mwisho na kasta bado ni ndogo. Suluhisho ni mikono ya juu iliyotengenezwa kwa magari yaliyoinuliwa, nayo si bei ya kubahatisha. Kwa maoni yangu, anayetaka kupita inchi mbili aiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Springi mpya hushuka kidogo zikizoea mzigo, kwa hiyo gari lirudi kupimwa baada ya kilomita 1,000 hivi, na mwenyewe adai karatasi yenye namba za kabla na za baada.