Mgonjwa Haulizwi Uji

Kuna maneno mawili yasemwayo mara nyingi vijijini mwetu juu ya kifua kikuu. La kwanza ni hili: "Dawa zile ni kali, asiye na chakula cha kutosha asizimeze, zitamwua." La pili ni hili: "Chakula ndicho dawa, mtu akila vizuri, kifua kitapona chenyewe." Ukiyasikia kwa juujuu, maneno hayo yaonekana kuwa na busara, kwa maana yote mawili yaheshimu chakula. Lakini yote mawili yamewapeleka watu kaburini. Leo twataka kueleza ni kwa nini, na utafiti wa waganga umeonyesha nini juu ya jambo hili.

Wala tusidhani kwamba twazungumza juu ya maradhi ya zamani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu ulimwenguni, na watu milioni 1.25 walifariki kwa sababu yake. Tanzania imehesabiwa miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa kabisa wa maradhi haya.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya mkulima huko Ulemo, kata ya Wilaya ya Iramba katika Mkoa wa Singida. Mvua za huko ni za msimu mmoja. Watu hulima uwele, mtama, mahindi na alizeti. Hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Ifikapo Januari hata Machi, ghala huwa limepungua, na kazi ya palizi ndiyo kwanza imepamba moto. Basi mtu aliyeanza dawa mwezi wa Novemba hufika katikati ya safari yake wakati uleule ambapo chakula ni haba. Tena mwili unaoanza kupona hudai chakula kuliko ulivyodai ulipokuwa mgonjwa sana. Hapo ndipo mtu husema, "Nimeshindwa, nitaendelea tukivuna." Je, afanye nini? Na sisi jirani zake tufanye nini?

Fundisho la kwanza: dawa ndiyo iponyayo

Robert Koch, mganga wa Kijerumani, alitangaza tarehe 24 Machi 1882 kwamba amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Lakini kukijua adui si kumshinda. Kwa zaidi ya miaka 60 baada ya hapo, hospitali hazikuwa na silaha ila pumziko, hewa safi na chakula kizuri. Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kuwa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa namna hiyo. Matunzo hayo yaliwafariji wengi, na wengine walipona. Lakini ugonjwa wa mapafu uambukizao, usipotibiwa kwa dawa, huwaua karibu nusu ya wagonjwa katika muda wa miaka mitano.

Dawa ya streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na mwaka 1952 ikajulikana nguvu ya isoniazidi. Ndipo likazuka swali gumu: maskini asiye na kitanda cha hospitali, wala maziwa, wala nyama, je, dawa zitamponya? Waganga wa Madras, Uhindi, walilijibu kwa jaribio lililoanza mwaka 1956. Wagonjwa waligawanywa kwa kura: wengine walilazwa hospitali, wakala vizuri na kupumzika, wengine walitibiwa nyumbani mwao, katika vyumba vya msongamano, wakila chakula duni, na wengi wao wakifanya kazi. Dawa zilikuwa zilezile. Matokeo yalitangazwa mwaka 1959. Baada ya mwaka mmoja wa matibabu, waliopona nyumbani walikaribiana kabisa na waliopona hospitali. Tena jamaa zao waliokaa nao hawakuugua zaidi kuliko jamaa za wale waliolazwa.

Hapo neno la pili lilikanushwa. Si chakula kilichowaponya wale wa hospitali, ni dawa. Na neno la kwanza pia lilikanushwa: maskini wale walimeza dawa, nao wakapona.

Yafaa kuongeza jambo ambalo wengi hawalijui. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya siku hizi, huingia mwilini vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Mtu akiona kichefuchefu, muuguzi aweza kumshauri ale kidogo kwanza. Lakini kukosa chakula asubuhi si sababu ya kuacha vidonge. Vilevile asishtuke aonapo mkojo umekuwa na rangi ya chungwa. Ni rangi ya dawa hiyo, si damu. Jambo la kumwogopesha ni macho kuwa ya manjano, au kutapika kusikokoma. Akiona hayo aende kituo cha afya upesi. Na katika muda wote wa matibabu aiache pombe, kwa sababu pombe na dawa hizi huliumiza ini kwa pamoja.

Fundisho la pili: kumaliza ni kupona

Zamani matibabu yaliweza kudumu mwaka mmoja na nusu, na wengi walichoka njiani. Njia fupi ilitafutwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Watafiti wa Uingereza na wenzao wa Afrika Mashariki walijaribu matibabu ya miezi sita, wakatangaza matokeo ya kwanza mwaka 1972. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi peke yake, zaidi ya robo yao ugonjwa uliwarudia. Rifampisini ilipoongezwa, waliorudiwa walikuwa wachache mno. Wagonjwa wetu wenyewe, kwa subira yao, waliufundisha ulimwengu wote kwamba miezi sita yatosha.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na Dk. Karel Styblo akausaidia kwa shauri na hesabu. Siri yake haikuwa kubwa: kila mgonjwa aandikwe kitabuni, amezapo dawa asimamiwe, na makohozi yapimwe tena kuhakikisha kwamba amepona. Mfano huo wa Tanzania ndio uliofuatwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 lilipozishauri nchi nyingine.

Utafiti haukuishia hapo. Mwaka 2021 ulitangazwa utafiti uliofanyika katika nchi 13, Kenya na Uganda zikiwamo, ulioonyesha kwamba mchanganyiko mwingine wa dawa waweza kuponya katika miezi minne. Mwaka 2022 ulitangazwa utafiti mwingine uliofanyika Uganda, Zambia, Afrika ya Kusini na Uhindi: watoto wenye ugonjwa usio mkali walipona kwa miezi minne sawasawa na wale wa miezi sita. Lakini mgonjwa asijipunguzie muda mwenyewe. Muda wake ni ule aliopangiwa na mganga wake. Kwa watu wazima wengi muda huo bado ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne.

Aachaye katikati kwa kuwa kikohozi kimetulia ameviua vijidudu vilivyo dhaifu tu, akaviacha vilivyo sugu. Hivyo huzaa kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida. Kibong'oto ilianza kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2009, na kwa miaka mingi tiba yao ilikuwa ndefu na yenye mateso. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani lapendekeza matibabu ya miezi sita kwa wengi wao; hata hivyo heri kutoufikia ugonjwa huo kabisa.

Fundisho la tatu: chakula huilinda nyumba

Sasa msomaji atauliza: ikiwa dawa ndiyo iponyayo, chakula kina kazi gani? Jibu la wazi lilipatikana huko Jharkhand, jimbo maskini la Uhindi, katika utafiti ulioanza mwaka 2019 na kutangazwa Agosti 2023. Wagonjwa 2,800 walipewa dawa na chakula. Jamaa waliokaa nao, watu 10,345, waligawanywa mafungu mawili. Katika fungu moja kila mtu mzima alipata kwa mwezi kilo 5 za mchele na kilo 1 na nusu ya nafaka za jamii ya kunde, pamoja na vidonge vya vitamini. Fungu la pili halikuongezewa chakula hicho.

Katika nyumba zilizopata chakula, kifua kikuu kilipungua kwa asilimia 39. Na ule ugonjwa wa mapafu uliothibitishwa kwa vipimo ulipungua kwa asilimia 48. Kwa wagonjwa wenyewe pia kulikuwa na neno: wale ambao uzito wao uliongezeka kwa asilimia 5 katika miezi miwili ya kwanza walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 61.

Je, Jharkhand yapingana na Madras? La, hasha. Madras iliuliza: nani aponyaye ugonjwa? Ikajibiwa: dawa. Jharkhand iliuliza: nani atakayeugua baadaye nyumbani humo, na nani atakayekufa kabla dawa haijamaliza kazi yake? Ikajibiwa: mwenye njaa. Yakadiriwa kwamba karibu robo ya wanadamu wamewahi kuambukizwa kijidudu hiki, lakini katika kila 100 ni 5 hadi 10 tu waugulao katika maisha yao. Kwa wengine kijidudu hufungwa mwilini kama mwizi gerezani. Njaa huwadhoofisha walinzi wa gereza hilo. Virusi vya UKIMWI, kisukari, ulevi na vumbi la machimboni hufanya vivyo hivyo. Na vijana wa Iramba waendao kutafuta dhahabu Sekenke na kwingineko wajihadhari na vumbi hilo.

Tufanye nini basi?

Kwanza, mficha maradhi kifo humwumbua. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au homa, au jasho la usiku, au anayekonda, aende akapimwe makohozi. Mtoto asiyeongezeka uzito atazamwe pia. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Pili, tuiondoe aibu. Kifua kikuu si uchawi wala laana ya ukoo. Huenezwa kwa hewa itokayo kifuani mwa mgonjwa akohoapo. Hakienezwi kwa sahani wala kijiko wala kupeana mkono. Kumtengea mgonjwa kibakuli chake kama mbwa hakumlindi mtu yeyote. Kinacholinda ni kufungua madirisha, mgonjwa kufunika kinywa akohoapo, na kuanza dawa mapema. Maana akizimeza ipasavyo, uwezo wake wa kuambukiza hupungua upesi. Wote wakaao naye wapimwe. Watoto wadogo na waishio na virusi vya UKIMWI wakionekana hawana ugonjwa, waulizie dawa ya kinga.

Tatu, tuangalie tulicho nacho. Kuku wa Singida wanasifiwa hata Dar es Salaam. Lakini mara ngapi mayai yote huuzwa, na mgonjwa akabaki na ugali na mlenda? Ugali na mlenda ni chakula chema, lakini mwili uliokonda wahitaji kitu cha kujengea nyama. Yai moja kwa siku, kunde au choroko, karanga zilizotwangwa ndani ya uji wa uwele, kijiko cha mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapohapo kijijini: hivyo si vyakula vya kigeni. Maziwa nayo yachemshwe kwanza, kwa sababu ng'ombe pia ana kifua kikuu chake, na maziwa mabichi humfikishia binadamu.

Nne, na hili ndilo kubwa, tusiiachie nyumba moja mzigo huu. Mgonjwa huruhusiwa kumezea dawa nyumbani akisimamiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Msimamizi huyo akiwa mwaminifu, nusu ya kazi imekwisha. Nusu ya pili ni ya majirani. Kipimo cha Jharkhand kilikuwa kilo sita na nusu za chakula kwa mtu kwa mwezi. Nyumba kumi za jumuiya moja, kila moja ikitoa bakuli chache za uwele na kunde kila juma, zaweza kuivusha familia moja hata mavuno. Hatuhitaji kusubiri mfadhili.

Wazee wetu walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Hawakungoja mgonjwa aombe, kwa kuwa walijua mwenye kuumwa huona haya na husema ameshiba. Basi wewe uliye mgonjwa, meza dawa zako leo, hata kama ghala ni tupu, hata siku ya mwisho uliyopangiwa. Na wewe uliye jirani, usimwulize kama amekula. Mpelekee uji.