Jinsi ya kuchagua nibu nyembamba isiyokwaruza kwa kalamu ya wino iliyochongwa kwa mkono

Ukiagiza kalamu ya wino kwa fundi anayeichonga mwenyewe, atakuuliza rangi, urefu, unene na aina ya kifuniko. Swali linalowatatiza wengi ni la nibu, yaani ile ncha ya metali inayogusa karatasi. Kalamu inaweza kupendeza machoni, lakini nibu ikikwaruza itaishia kwenye droo. Hatua zifuatazo zitakusaidia kupata nibu inayochora mstari mwembamba na bado inateleza.

Je, fundi ndiye anayetengeneza nibu?

Mara nyingi siye. Yeye huchonga mwili wa kalamu kwa akriliki, kwa mbao kama mpingo wetu, au kwa ebonaiti, ambayo ni mpira uliopikwa na salfa nyingi hadi ukawa mgumu. Nibu huinunua kiwandani. Viwanda viwili vinavyotajwa sana viko Ujerumani: Bock wa Heidelberg na Jowo wa Berlin. Kwa mfano, Ranga wa Thiruvallur, karibu na Chennai nchini India, huchonga kalamu za ebonaiti na kumwachia mteja achague nibu. Japani mambo ni tofauti kidogo: Pilot, Sailor na Platinum hutengeneza nibu zao wenyewe, na kalamu za Nakaya hutumia nibu za Platinum.

Muulize fundi mapema: nibu ni ya kiwanda gani, na ni namba ngapi? Namba 5 na namba 6, ambazo ndizo za kawaida, zinahusu ukubwa wa nibu nzima. Hazihusu unene wa mstari. Jibu lake liandike mahali, kwa sababu nyuzi za skrubu zinazoifunga nibu kwenye kalamu, za Jowo na za Bock, hazilingani. Siku ukitaka kubadilisha nibu, utahitaji kujua hilo.

Nichague unene gani?

Unene huandikwa kwa herufi: EF ni nyembamba sana, F ni nyembamba, M ni ya kati na B ni pana. Tatizo ni kwamba viwanda havina kipimo kimoja. F ya Ujerumani kwa kawaida huchora mstari wa nusu milimita au zaidi kidogo, ilhali F ya Japani huwa karibu milimita 0.3 hadi 0.4. Kwa hiyo usiseme tu “nataka F”. Taja unene wa mstari kwa milimita.

Utajuaje unaokufaa? Andika mistari michache kwa mwandiko wako wa kila siku, kisha pima kwa rula urefu wa herufi “a”. Ikiwa haifiki milimita 2, tafuta F ya Kijapani au EF ya Kijerumani. Ikiwa ni milimita 2 hadi 3, F ya Kijerumani itakutosha. Dalili ya nibu nene kupita kiasi ni matundu ya “a” na “e” kujaa wino. Ukitaka kujaribu kwa gharama ndogo, nunua kwanza Platinum Preppy iliyoandikwa 03, ambayo ni F ya Kijapani na huuzwa kwa dola chache tu za Marekani.

Jua pia kwamba kadiri nibu inavyokuwa nyembamba ndivyo unavyoisikia karatasi zaidi, kama kisigino chembamba cha kiatu kinavyozama mchangani pale ambapo ndara hupita juu juu. Kwa hiyo usitafute EF inayoteleza kama B. Kama unaandika kwa mkono wa kushoto na unaisukuma kalamu badala ya kuivuta, F itakuwa salama kuliko EF.

Je, lazima iwe ya dhahabu?

Hapana. Dhahabu haigusi karatasi. Kwenye ncha ya nibu, iwe ya dhahabu au ya chuma cha pua, huchomelewa kitone cha metali ngumu sana. Wauzaji hukiita iridiamu, ingawa siku hizi kwa kawaida ni mchanganyiko wa metali nyingine ngumu kama tungsteni na rutheni. Kuteleza kunategemea jinsi kitone hicho kilivyosuguliwa. Faida ya dhahabu ni kutoshika kutu, na nyingine hunepa kidogo ukiikandamiza. Nibu ya chuma ya namba 6 hupatikana kwa takriban dola 15 hadi 40, na ya dhahabu mara nyingi huvuka dola 150. Kama lengo lako ni kuteleza tu, chukua ya chuma, kisha mlipe fundi aiweke sawa.

Kwa nini nibu hukwaruza?

Sababu kuu ni tatu. Kwanza, nibu ina meno mawili yaliyotenganishwa na mpasuo mwembamba. Jino moja likipanda juu ya jingine, kingo zake hukwangua karatasi. Pili, wino ukija kidogo, nibu husugua karatasi kavu. Tatu, kitone kinaweza kuwa hakikusuguliwa vizuri. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe fundi mambo haya: ayalinganishe meno, aijaribu nibu kalamu ikiwa imejazwa wino wala si kwa kuichovya tu, akutumie picha ya maandishi yake, na akueleze una siku ngapi za kuirudisha. Uliza pia gharama ya posta na ushuru wa forodha wa nchi yako, kwani vinaweza kuongeza bei kwa kiasi utakachokihisi.

Kalamu ikifika nifanyeje?

Ioshe kwanza. Nibu mpya inaweza kuwa na mafuta ya kiwandani yanayozuia wino. Tumia maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, suuza, acha ikauke. Jaza wino wa kalamu za wino pekee. Wino wa mihuri, wa printa au ule mweusi wa wachoraji unaokauka kama rangi utaziba njia.

Kisha tumia karatasi nzuri, shika kalamu bila kukandamiza, na uchore namba 8 kubwa mara kadhaa. Ikikwaruza upande mmoja tu, shuku meno. Yatazame kwa lenzi ya kukuzia mara 10, ile wanayotumia masonara. Huuzwa kwa bei nafuu. Jino lililopanda lisukume chini taratibu kwa ukucha, kidogo kidogo, huku ukitazama tena kila mara. Ikikwaruza pande zote, badilisha wino au karatasi kabla ya kuilaumu nibu. Karatasi ya daftari la bei rahisi ina nyuzi zinazonaswa na nibu nyembamba, na wino unaotiririka vizuri huilainishia njia.

Je, niisugue kwa msasa?

Hilo liwe la mwisho kabisa. Msasa unaotumika ni laini mno, wa namba 12000, na husuguliwa kwa sekunde chache bila kukandamiza. Hata hivyo, kitone kikishapungua hakirudi. Ukizidisha, mstari utanenepa, au nibu itakuwa na ulaini wa kupitiliza hadi iruke mwanzo wa herufi bila kutoa wino. Fundi bingwa wa nibu anaweza kukufanyia kazi hiyo kwa takriban dola 30 hadi 60, mbali na posta.

Kumbuka pia kwamba muuzaji huenda akakataa kupokea nibu iliyoguswa na msasa. Kwa hiyo fanya majaribio yote wiki ileile kalamu ilipofika: osha, badilisha karatasi, badilisha wino, tazama meno. Ikiwa bado inakwaruza, mwandikie fundi, mtumie picha ya mstari wako, na uirudishe kabla siku za kuirudisha hazijaisha.