Daktari Mwanafunzi Akija Kiwandani



Katika Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, daktari anayesomea ubingwa huongeza miaka mitatu hivi, na hapati shahada mpaka afanye utafiti wake mwenyewe na kuuandika. Fedha ni haba, hivyo mara nyingi huchunguza wagonjwa walio wodini. Mwenzetu anayekohoa kwa vumbi la pamba, lakini bado yuko mashineni, hahesabiwi. Na ugonjwa usioandikwa ni vigumu kuudaia fidia.

Basi akija kiwandani tumpokee. Lakini kwanza aeleze kazi yake kwa lugha tunayoielewa. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lataka anayepimwa akubali mwenyewe. Meneja hawezi kutusainia. Na majibu tuletewe, yasiishie kabatini chuoni.