Kupanga Picha Nyingi kwa Skripti Moja



Kurasa za jarida hili zinazofunguliwa kwanza majumbani ni zile za picha za wanafunzi. Bibi wa Butiama, hata kama hajui kusoma, ataitafuta sura ya mjukuu wake mpaka aione. Basi sura iliyovutwa ikanenepa, au jina la mtoto lililokaa chini ya uso wa mwenzake, si jambo dogo nyumbani kwake.

Kwa mkono, mpangaji hufungua picha moja, akaipunguza, akaiburuta mahali pake, kisha akarudia. Kama picha ni 180 na kila moja inachukua dakika 3, hizo ni dakika 540, yaani saa 9, na kufika picha ya mia jicho limeshachoka. Skripti ni maagizo machache yaliyoandikwa katika faili, ambayo programu huyasoma na kuyatekeleza kwa kila picha. Haichoki, lakini pia haifikiri: ukiiagiza vibaya, itakosea mara 180 kwa utiifu ule ule.

Programu za kupanga kurasa zinazokubali skripti ni kadhaa, mojawapo ni InDesign ya Adobe, ambayo hulipiwa. Sisi tunafundisha kwa ImageMagick na Scribus kwa kuwa hutolewa bure na kihalali. Kunakili programu ya kuuzwa bila idhini ya mwenyewe hatumshauri mwanafunzi yeyote.

Tuanze na majina

Picha zinatoka Musoma, Bunda na Butiama, na nyingi huja kwa WhatsApp. Ikitumwa kama picha ya kawaida, hupunguzwa na hupewa jina jipya lisilosema chochote. Kwa picha ndogo ya ukurasani ukubwa unaobaki unatosha, ila kwa jalada itumwe kama dokumenti.

Lipe kila faili jina lenye mahali, namba na jina la mwanafunzi, kwa mfano BND-014 kisha jina lake. Namba iwe ya tarakimu tatu, kwa sababu programu nyingi hupanga kwa herufi, na kwao 10 hutangulia 2. Wengine huweka majina katika orodha ya pembeni, kisha skripti ikachukua picha ya kwanza na jina la kwanza, ya pili na la pili. Hapo picha moja tu ikikosekana, majina yote yanayofuata yanasogea, na kila mtoto anaitwa kwa jina la jirani yake. Jina likikaa ndani ya jina la faili, halisogei.

Ukubwa

Tunataka kila picha iwe na upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 4. Wachapaji huhitaji nukta 300 kwa kila inchi, na inchi ni sentimita 2.54. Gawanya 3 kwa 2.54, zidisha kwa 300: unapata pikseli 354. Kwa 4 unapata 472. Ndani ya folda ya picha tengeneza folda nyingine iitwayo "tayari", kisha andika agizo hili kwa mstari mmoja:

magick mogrify -path tayari -auto-orient -resize "354x472^" -gravity center -extent 354x472 *.jpg

Sehemu ya "path" hupeleka nakala kwenye folda mpya. Ukiisahau, picha za asili zitabadilishwa na hazirudi. "Auto-orient" husimamisha picha zilizolala. Alama ya ^ huiambia programu ijaze kipimo chote bila kuivuta sura, na "extent" hukata kinachozidi. Picha ya simu iliyopigwa wima huwa na uwiano wa 3 kwa 4, kwa hiyo haikatwi kitu. Iliyo ndefu zaidi hukatwa juu na chini, na huenda kofia ikaenda nayo. Hizo zishughulikieni kwa mkono.

Mahali pake ukurasani

Ukurasa wa A4 una milimita 210 kwa 297. Acha 20 kila upande. Safu 5 za milimita 30, zenye nafasi ya 5 kati yake, zinajaa upana kamili. Kila mstari unashuka milimita 52, ili jina lipate nafasi chini ya picha. Jumla ni picha 25 kwa ukurasa.

Sasa inakuja hesabu ya kugawanya yenye baki, ile mliyoiona haina kazi. Hesabu picha kuanzia 0. Gawanya namba ya picha kwa 5: jibu ni mstari, baki ni safu. Katika Scribus, hati ikiwa kwa milimita, kiini cha skripti ni hiki:

safu = n % 5
mstari = n // 5
x = 20 + safu * 35
y = 20 + mstari * 52
p = createImage(x, y, 30, 40)
loadImage(picha[n], p)
setScaleImageToFrame(True, True, p)

Maneno ya Kiswahili mnayoyaona humo kompyuta inayakubali bila taabu. Picha ya 13: 13 kwa 5 ni 2, baki 3. Hivyo inakaa milimita 125 kutoka kushoto na 124 kutoka juu. Kwa ukurasa wenye majina ya Kiarabu, ambao husomwa kutoka kulia, badilisha mstari wa kwanza tu uwe safu = 4 - n % 5.

Baada ya hapo, chapa kurasa za majaribio na kila mahali papelekewe zake. Ustadh wa Bunda anazijua nyuso za Bunda. Skripti haimjui hata mmoja.

Zoezi: Picha namba 22 itakaa wapi? Na namba 27, ambayo ukurasa wa kwanza hauitoshi? Rudia zote mbili kwa ukurasa wa Kiarabu.