Doa Lirudilo Mahali Pale Pale

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni mume wa mke mmoja, umri wangu miaka 34, mkulima wa kahawa na migomba hapa Bukiriro, wilaya ya Ngara. Tangu masika ya mwaka jana kichwa cha uume wangu huwasha na kuungua, kisha hutoka doa la mviringo, jekundu mwanzoni, halafu jeusi. Hupoa, lakini baada ya mwezi au miwili huibuka tena mahali pale pale, na weusi huzidi. Nilinunua dukani krimu ya mchanganyiko. Ilinituliza siku chache, kisha muwasho ukashuka mapajani kwa mabaka yenye ukingo. Kila siku naosha kwa sabuni ya kufulia na dawa ya kuulia vijidudu. Nikishikwa na mafua au tumbo humeza Septrin. Sina maradhi mengine. Rafiki mmoja asema ni kaswende, mwingine asema nimerogwa, na mjomba asema ni kwa kuwa sikutahiriwa. Mke wangu ameanza kuniuliza kwa nini namkimbia. Nifanyeje?

Mwenye Haya, Bukiriro

Ndugu yangu Mwenye Haya,

Mimi nisiyeweza kukutazama sitathubutu kuyapa maradhi yako jina la yakini, kwani hiyo ni kazi ya tabibu. Lakini barua yako imeeleza mambo kwa mpangilio mwema hata yenyewe inaonyesha njia, nami nitaifuata pamoja nawe, ili utakapofika zahanati uyaseme haya haya pasipo kusita.

Jambo lililonishika kuliko yote ni kwamba doa hurudi mahali pale pale, na kwamba mtu huyo huyo anayelalamikia doa humeza Septrin kila apatapo mafua. Iko miili isiyopatana na dawa fulani, na kila dawa hiyo inapomezwa, baada ya saa chache au siku moja mbili, ngozi huwaka pale ilipowaka mara ya kwanza, kwa doa la mviringo ambalo likipoa huacha weusi. Na uume na midomo ni miongoni mwa mahali ambapo jambo hili hutokea sana. Louis Brocq, tabibu wa Ufaransa, aliyapa maradhi haya jina lake la kitabibu mwaka 1894, na tangu hapo dawa zenye salfa, Septrin ikiwamo, zimetuhumiwa mara nyingi, pamoja na baadhi ya dawa za kutuliza maumivu. Usiisahau pia SP, iliyokuwa chaguo la kwanza la kutibu malaria nchini kwetu tangu 2001 mpaka dawa mseto iliposhika nafasi yake, kwani nayo ina salfa. Basi kumbuka kwa makini: kila doa lilipowaka, ulikuwa umemeza nini siku mbili zilizotangulia? Usimeze tena Septrin kwa ajili ya mafua, ambayo haiyatibu hata kidogo, na umwambie kila tabibu habari hii kabla hajakuandikia dawa. Lakini msomaji mwingine aliyepewa Septrin kliniki ili imkinge, asiiache kwa shauri la gazeti; arudi kwa waliompa.

Mabaka ya mapajani yenye ukingo ni shauri lingine, nayo yanafanana sana na fangasi. Krimu za mchanganyiko aghalabu huwa na dawa kali ya kutuliza mwako, ambayo humpa mgonjwa raha ya siku chache huku fangasi wakienea chini yake, kisha hukondesha ngozi na kuibadili rangi. Na ngozi ya sehemu hizo haina ustahimilivu wa ngozi nyingine, kwani watafiti wa Marekani walipopima mwaka 1967 waliona kwamba ngozi ya mfuko wa korodani hunywa dawa ya namna hiyo mara 42 kuliko ngozi ya kigasha. Iache krimu hiyo, umwonyeshe tabibu bomba lake, naye akiona kuwa ni fangasi atakupa dawa ya fangasi peke yake, ambayo utaipaka mpaka mwisho wa muda atakaokupangia, ijapokuwa muwasho utakuwa umekwisha mapema. Iache vilevile sabuni ya kufulia na dawa ya kuulia vijidudu, ambazo huichoma ngozi na kuitia wekundu mpya. Jioshe kwa maji safi, na chini ya govi pia, jikaushe taratibu, na utokapo shambani na jasho badili nguo ya ndani, iwe ya pamba isiyobana.

Ama rafiki yako wa kaswende, dhana yake haipaswi kudharauliwa wala kuaminiwa bila kipimo: kaswende hupimwa kwa damu na huponywa kwa sindano ya penisilini. Omba basi kipimo hicho, na cha virusi vya Ukimwi, na cha sukari, kwa kuwa sukari ikizidi mwilini huwapa fangasi wa uume chakula na makao. Aliyesema umerogwa hana ushahidi. Mjomba wako ana sehemu ya haki, maana tohara hupunguza uchafu na mwako chini ya govi, na utafiti uliofanywa Rakai nchini Uganda, jirani na mkoa wetu wa Kagera, ni mmojawapo wa tafiti zilizothibitisha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke kwa kadiri ya asilimia 60. Hata hivyo ngozi iliyowaka itulizwe kwanza, na chanzo kijulikane, ndipo shauri la tohara lifuate.

Zipo dalili ambazo zikionekana hazina subira: mabaka meupe yaliyo magumu, govi linaloanza kubana, kidonda au uvimbe unaopita wiki tatu bila kupona, au mkojo kutoka kwa shida. Kwa hayo nenda hospitali ya Murgwanza au ya Rulenge, na wakiona haja watakupeleka Bugando, Mwanza, au KCMC, Moshi, ambako tangu 1992 kiko chuo cha kuwafundisha matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Saratani ya uume ipo, na ikiwahiwa hutibika.

Weusi uliobaki usikutie hofu, kwani hufifia kwa miezi mingi mara sababu ikiondoka; wala usiupake mkorogo. Na mkeo mwambie leo, kwa maneno machache yaliyo kweli, kwamba una maradhi ya ngozi na unakwenda kupimwa; kukaa kwako kimya kutamfanya adhani humtaki, au unamficha mwanamke mwingine. Jizuieni mpaka majibu yatoke, na yakiwa ya kuambukizana mtibiwe nyote wawili.

Nenda wiki hii, ukichukua vidonge na krimu zote ulizotumia, na useme yote uliyoniandikia. Haya ni sifa njema kwa mtu, lakini mbele ya tabibu haina kazi.

Mshauri wako